Kiti cha Kambi na Thamani Yake

Katika minada ya mali za nyumbani, ambayo hufanyika mijini kila mara mtu anapohama, anapofariki au anaposhindwa kulipa deni, viti ndivyo vitu vinavyouzwa kwa haraka kuliko vyote. Mnadi hana subira navyo. Huvipanga sita sita, huvitaja kwa idadi bila kuvitaja kwa jina, na nyundo hushuka kabla mnunuzi hajapata nafasi ya kukipindua hata kimoja akatazame chini yake. Kwa sababu hiyo mtu mwenye macho aweza kupata kitu cha thamani kwa bei ya kuni, na asiye na macho aweza kulipa mshahara wa mwezi mzima kwa kiti kilichotengenezwa mwaka jana na kutiwa moshi.

Makala ya juma hili yahusu kiti kimoja tu, nacho kinastahili kusomwa na familia za askari kuliko wengine wote, kwa kuwa kilibuniwa na wanajeshi, kikabebwa na wanajeshi, na hata leo chaweza kuonekana katika mabohari na vyumba vya nyuma vya nyumba kuukuu za Afrika Mashariki bila mwenyewe kujua kuwa ni kiti.

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba ya sajini mmoja mstaafu wa polisi. Alikwenda mnadani kutafuta kabati. Kabati likapanda bei hadi likamshinda, na kwa kuwa hakutaka kurudi mikono mitupu, alitoa shilingi 45,000 kwa fungu la vijiti kumi vilivyokerezwa vizuri, vimefungwa pamoja kwa turubai lililooza. Fundi seremala wa mtaani alivitazama, akasema vitafaa kwa miguu ya meza mbili ndogo. Sajini alikwisha kuafikiana naye bei ya kazi ndipo akaja mchuuzi wa vitu vikuukuu, ambaye alikuwepo mnadani lakini akachelewa kunyoosha mkono.

"Afande," alisema mchuuzi, "hivyo vijiti vitakujazia nyumba bure. Nipe mimi, nikupe laki moja na nusu sasa hivi, nikuondolee taabu."

Sajini alikuwa na mtoto anayetakiwa kuingia kidato cha kwanza baada ya majuma matatu, na ada ilikuwa haijatimia. Alikwisha kunyoosha mkono kupokea. Mke wake, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, hakuinua hata uso.

"Mzee," alisema, "mtu anayetaka kuni hazinunui kwa laki moja na nusu. Mwambie arudi Jumamosi."

Mchuuzi akaenda zake. Jioni hiyo hiyo jirani mmoja, mtu wa maneno mengi, alipita akavitazama vijiti, akatangaza kwamba bila shaka ni kiti cha gavana wa zamani, na kwamba Wazungu wangetoa shilingi milioni 20. Hivyo kabla ya usiku kuingia, nyumba ile ilikuwa na bei tatu za kitu kimoja: 45,000 ya mnada, 150,000 ya mchuuzi, na milioni 20 ya jirani. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao watatu aliyekuwa amekiunganisha kiti akakiona kilivyo.

Kazi hiyo waliifanya mume na mke asubuhi yake, sakafuni, bila nyundo wala bisibisi. Vijiti vinne vilikuwa virefu, takriban nusu mita, vyenye matundu. Vinne vilikuwa vifupi zaidi, na ncha zake zimechongwa zikawa nyembamba kuelekea mwisho, mfano wa kizibo cha chupa. Viwili vilivyosalia vilikuwa bapa, na kila kimoja kilikuwa na tundu moja la bolti. Ncha zile zilipotiwa katika matundu ziliingia zikashika. Hapakuwa na gundi wala msumari. Mara kiti kikasimama, kifupi, kipana, chenye miguu minne, na mgongo wake ukining'inia kwenye bolti mbili ukiyumba mbele na nyuma.

Kiti hicho kinaitwa kiti cha Roorkhee. Jina ni la mji wa Roorkee, kaskazini mwa India, ambao siku hizi umo katika jimbo la Uttarakhand. Mji huo ulikua kutokana na kazi ya kuchimba mfereji mkubwa wa Ganges, uliofunguliwa mwaka 1854. Chuo cha uhandisi kilianzishwa hapo mwaka 1847, na tangu mwaka 1853 kikosi cha wahandisi wa kijeshi wa Bengal kimekuwa na makao yake papo hapo. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 kiti hiki kilitoka katika karakana za wahandisi hao, nacho kikapewa jina la mji wao, likiandikwa kwa tahajia ya zamani.

Yafaa ieleweke kwa nini wahandisi wa jeshi walijishughulisha na kiti. Hapo kabla, afisa wa Kiingereza aliyekwenda vitani alijinunulia samani zake mwenyewe kutoka maduka ya London au Dublin: makabati ya mkangazi yenye pembe za shaba yaliyotenguka vipande viwili, vitanda vya kukunja, hata meza za kulia za watu kumi. Vitu hivyo vilikuwa vizuri sana, na vilikuwa vizito sana, na aliyevibeba hakuwa afisa. Vilibebwa na ngamia, nyumbu na wapagazi. Vita vilipobadilika vikawa vya mwendo wa haraka, kama vile Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini kati ya 1899 na 1902, mzigo wa afisa ulipunguzwa kwa amri. Kilichotakiwa kilikuwa kiti kinachoingia katika mfuko mmoja wa turubai, kinachofungwa na kufunguliwa gizani, na kinachosimama juu ya ardhi isiyo sawa.

Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyo hodari kuliko zote. Kiti cha kawaida kilichogundishwa kikiwekwa juu ya ardhi yenye mabonde, mguu mmoja hubaki hewani na mwenye kukaa huyumba. Kiti cha Roorkhee hakina gundi, kwa hiyo viungo vyake hujigeuza kidogo kila kimoja, miguu yote minne ikapata mahali pa kukanyaga. Mtu akiketi, uzito wake huvuta turubai, turubai huvuta pau, na ncha huzidi kuingia katika matundu. Kadiri mtu alivyo mzito ndivyo kiti kinavyokaza. Mgongo nao, kwa kuwa unayumba, hufuata mgongo wa binadamu badala ya binadamu kuufuata wenyewe. Mahali pa kuwekea mikono ni mikanda miwili ya ngozi inayopita juu ya miguu, yenye bizimu kama za mshipi wa askari.

Kilifikaje Afrika Mashariki? Njia ni nyingi. Wahandisi wa jeshi na wapimaji kutoka India walikuwamo katika upimaji wa njia ya Reli ya Uganda mwaka 1891 na 1892. Reli yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1896 na kulifikia Ziwa Victoria mwaka 1901. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na batalioni yake ya nne ilikuwa ya Uganda. Mwezi wa Novemba 1914 majeshi kutoka India yaliteremka Tanga kupigana na Wajerumani, yakashindwa vibaya, lakini vita viliendelea hadi 1918 na shehena za India ziliendelea kuja. Baada ya wanajeshi wakaja wawindaji na wapiga picha za sinema, nao wakavipenda viti hivi kwa sababu zile zile.

Hapo ndipo kiti kilipofanya safari ya ajabu. Inasimuliwa kwamba mbunifu wa samani wa Denmark, Kaare Klint, alikiona katika picha ya kitabu cha Wamarekani wawili, mume na mke, Martin na Osa Johnson, waliopiga sinema za wanyama kaskazini mwa Kenya katika miaka ya 1920. Klint alikuwa na tabia ya kupima vitu vya zamani kabla ya kubuni vipya, na tangu mwaka 1924 alikuwa akifundisha ubunifu wa samani katika chuo cha sanaa cha Copenhagen. Mwaka 1933 alitoa kiti chake mwenyewe kwa mfano huo, akakiita Kiti cha Safari. Neno la Kiswahili likaandikwa katika orodha za maduka ya Copenhagen, na kiti hicho bado kinatengenezwa hadi leo.

Habari hii si ya kujifurahisha tu. Maana yake ni kwamba mtu anayepata vijiti kumi mnadani ana uwezekano wa aina tatu mbele yake: kiti cha zamani cha kijeshi au cha msafiri, kiti cha Denmark cha baada ya 1933, ambacho huenda kililetwa na mmisionari au mtaalamu aliyekuja kufanya kazi nchini, au nakala ya juzi iliyotengenezwa kwa ajili ya hoteli za watalii. Tatu hizo zafanana kwa mbali kama ndugu, lakini bei zake hazifanani.

Sajini alikuwa amepeleleza kesi za wizi kwa miaka ishirini na miwili, na alipoelezwa na mkewe kwamba kiti nacho chaweza kuhojiwa, aliifanya kazi hiyo kwa furaha iliyo dhahiri. Alileta tochi, futi kamba, kioo cha kukuzia na daftari. Agizo la kwanza alilotoa, nalo lilikuwa la hekima, ni kwamba fundi seremala asikaribie na msasa wake.

Alianza na mbao. Mguu uliponguruzwa kidogo kwa ukucha mahali pasipoonekana, ulitoa harufu ya mafuta, kama ngozi kuukuu. Hiyo ni harufu ya msaji. Msaji hauoti Uingereza. Hutoka India, Burma na nchi za jirani zake. Lakini haithibitishi peke yake kwamba kiti kilitengenezwa India, maana maduka ya London nayo yaliagiza mbao hizo kwa wingi. Viti vya namna hii vilitengenezwa pia kwa mkangazi, mwaloni na miti mingine myeupe ya Ulaya. Vile vya Klint mara nyingi ni vya mbao nyeupe yenye nyuzi ndefu, miguu yake imekerezwa bila urembo wowote, na mafundi wa Rud. Rasmussen wa Copenhagen, waliovitengeneza, walikuwa na desturi ya kubandika karatasi yenye jina lao mahali pa siri. Miguu ya sajini ilikuwa na pete mbili zilizochongwa karibu na kichwa. Karatasi haikuwapo.

Pau moja kati ya nne ilikataa kufanana na wenzake. Rangi yake ilikuwa ya kahawia inayokaribia njano, harufu haikuwapo, na mahali fulani katika nyuzi palikuwa na kidonge kigumu cheupe kama jiwe. Fundi yeyote wa Uganda anajua hiyo ni nini, kwa sababu imekwisha kumvunjia meno ya msumeno: ni chokaa ya mvule. Mvule ni mti wa Afrika. Hivyo ilikuwa dhahiri kwamba pau hiyo ilivunjika wakati fulani, na fundi wa papa hapa akatengeneza nyingine. Aliitengeneza vizuri sana, na jina lake halikuandikwa popote.

Kisha akapima unene wa mguu kwa kipimo cha fundi cha taya mbili. Upande mmoja ulikuwa milimita 41, na alipokigeuza kipimo robo ya mzunguko, alipata milimita 40 kasoro. Hii ni dalili nzuri, nayo ina sababu yake. Mti haukauki sawasawa pande zote. Husinyaa zaidi kufuata pete za umri kuliko kuelekea kiini. Kitu kilichokerezwa kikawa mviringo kamili hugeuka taratibu kuwa na umbo la yai. Mguu uliokerezwa mwaka jana kwa mbao kavu bado ni mviringo. Mguu wa miaka mingi mara chache huwa hivyo, na udanganyifu wa aina hii ni vigumu kuufanya kwa moshi au kwa chai ya rangi.

Bolti za mgongo zilikuwa za shaba. Skurubu ndogo zilizoshika mikanda zilikuwa nne: tatu zenye mfereji mmoja, na moja yenye kichwa cha msalaba. Skurubu za msalaba zilianza kuenea katika miaka ya 1930, baada ya Mmarekani Henry Phillips kupata hataza yake, kwa hiyo hiyo ya nne ilitiwa baadaye. Mikanda yenyewe ilikuwa imebaki mapande tu. Turubai lilikuwa la rangi ya kaki, na mke wa sajini, ambaye ni mshonaji, ndiye aliyelihukumu. Alichomoa uzi mmoja wa pamba kwenye turubai na uzi mmoja wa mshono, akavichoma kwa kiberiti. Wa kwanza uliungua kama karatasi ukaacha jivu. Wa pili uliyeyuka ukawa tone gumu. Huo ulikuwa nailoni, na nailoni haikuuzwa popote duniani kabla ya mwisho wa miaka ya 1930. Kiti kilikuwa kimevikwa nguo mpya angalau mara moja.

Chini ya mguu wa nyuma wa kushoto, tope la miaka liliposuguliwa kwa kitambaa kikavu, ikatokea alama iliyopigwa kwa chuma cha moto: mshale wenye mistari mitatu, na namba iliyofutika. Furaha ya sajini ikakoma mara moja.

Askari yeyote ajua alama ya serikali ina maana gani. Kitu chenye alama hiyo ni mali ya umma, na mtu anayekutwa nacho anapaswa kueleza. Mshale huo umetumiwa na serikali ya Uingereza kwa karne nyingi juu ya mali zake za kijeshi, mara nyingi ukiwa kati ya herufi W na D, na makoloni yake pia yaliutumia. Sajini aliweka daftari chini, akatafuta risiti ya mnada katika mfuko wa suruali iliyokwisha kutiwa majini. Kwa bahati ilikuwa imelowa upande mmoja tu.

Katika jambo hili yafaa kutofautisha. Alama ya jeshi la Uingereza juu ya kiti kilichoachwa nchini kabla ya uhuru wa mwaka 1962 haionyeshi wizi. Wakoloni wenyewe waliuza vifaa vilivyochakaa kwa raia, na vitu vya vita viliuzwa kwa mafungu. Lakini kitu chenye alama ya bohari ya wizara, jeshi au polisi ya leo ni jambo jingine kabisa. Mali ya umma nchini Uganda huondolewa kwa utaratibu uliowekwa na Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2003, na anayenunua hana budi kupata karatasi inayoonyesha ni nani aliyeuza, lini na kwa idhini gani. Mnadi mwaminifu haoni haya kuulizwa. Sajini alirudi kwake siku ile ile, akaandikiwa upya risiti yenye namba ya fungu, tarehe, na chanzo cha mali: nyumba ya marehemu mmoja, kwa idhini ya msimamizi wa mirathi. Karatasi hiyo iliongeza thamani ya kiti kuliko vanishi yoyote ambayo fundi angeipaka.

Na katika kutaja sheria, familia ile ilikuwa na bahati kwamba kiti chao hakikuwa na pembe ya ndovu. Kiti cha zamani kinachotafutwa sana katika Afrika Mashariki ni kiti cha enzi cha pwani, cha Lamu na Pate na Unguja, chenye mpingo na nakshi nyeupe. Nakshi hizo huwa za mfupa au za pembe. Mfupa ukitazamwa kwa kioo una vitundu vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu haina, bali huonyesha mistari membamba inayopishana kama wavu mahali ilipokatwa mkingamo. Biashara ya pembe baina ya mataifa imepigwa marufuku tangu mwaka 1990, na anayenunua kiti kama hicho bila kujua aweza kukinunua pamoja na kesi.

Ilibaki bei. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kudhani kwamba kitu kina bei moja kama kilo ya sukari. Kiti kimoja kina bei ya mnadani, bei ya dukani, bei ya bima, na bei ya mtu mwenye shida ya ada, nazo ni nne mbalimbali. Bei anayoitaja mwenye duka ni ombi tu. Inayopasa kutafutwa ni bei iliyokwisha kulipwa kwa kiti cha aina na hali ile ile, na nyumba za mnada za Ulaya huitangaza baada ya mauzo. Kiti cha Roorkhee kilichokamilika, chenye mikanda na mfuko wake, huko Uingereza huuzwa kwa mamia ya paundi. Viwili vinavyolingana huzidi bei ya kimoja mara mbili. Kile cha Klint chenye karatasi ya Rasmussen mara nyingi hukishinda kile cha kijeshi, jambo ambalo mwanajeshi aweza kuliona ni dharau, lakini soko halisalimu mtu kwa cheo. Jina la afisa lililoandikwa kwenye mfuko, likithibitika, hupandisha. Hadithi ya gavana isiyo na karatasi haipandishi hata senti.

Kiti cha sajini kilikuwa cha kweli, cha kati ya mwisho wa karne ya 19 na Vita vya Pili vya Dunia, lakini chenye pau ya kigeni, turubai la pili na mikanda iliyokwisha. Mke wake alifanya hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Ikichukuliwa kwamba London kitapigiwa nyundo kwa paundi 300, mnadi wa huko atakata asilimia 15, yaani paundi 45. Usafirishaji wa ndege na kufungasha, paundi 120. Bima na picha, paundi 15. Zinabaki paundi 120. Kwa kukadiria paundi moja kuwa shilingi 5,000, hizo ni 600,000 kabla ya benki kuchukua chake, nazo zitafika baada ya miezi minne au mitano. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku kumi na tisa.

"Milioni ishirini za jirani ziko wapi?" aliuliza sajini.

"Ziko kwa jirani, baba watoto," alijibu mkewe.

Mchuuzi alirudi Jumamosi kama alivyoagizwa. Alipokuta kiti kimesimama barazani na daftari likiwa wazi, alipanda mwenyewe hadi 300,000 bila kusukumwa, kisha 400,000. Hapakuwa na ugomvi. Yeye naye hupanga chumba cha duka na hulisha watu, na pengo kati ya bei yake na ya London si wizi wote. Lakini sajini alikuwa amekwisha kuandika barua tatu, zenye picha za kila alama na vipimo vya kila kijiti, kwa watu wenye nyumba za wageni kando ya ziwa ambao hupenda vitu vya zamani na hawahitaji kuvisafirisha kwa ndege. Mmoja alijibu. Alikuja na gari lake, akaketi, akainuka, akaketi tena, akalipa shilingi 700,000.

Alikabidhiwa kiti pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa kipolisi, herufi zimesimama wima: kiti cha kambi cha namna ya Roorkhee, msaji, alama ya mshale mguu wa nyuma kushoto, pau moja ya mvule, kazi ya fundi wa hapa nchini, turubai si la awali, skurubu moja ya baadaye, kimenunuliwa mnadani, risiti imeambatishwa. Mnunuzi aliuliza kama pau ya mvule iondolewe itengenezwe nyingine ya msaji. Aliambiwa aiache. Aliambiwa pia ashone turubai jipya kwa kukaa, lakini lile kuukuu alikunje bila kulifua, alitie katika mfuko pamoja na mapande ya mikanda, na mfuko uwekwe mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa wala panya. Miguu isipakwe vanishi. Nta kidogo kwa mwaka yatosha, ila ncha na matundu yasitiwe kitu chochote kinachoteleza, kwa maana kiti hiki husimama kwa kukwaruzana tu.